Majikoni Chennai, Coimbatore na Mumbai

Greams Road, Chennai, ni mtaa unaoishi kwa wagonjwa. Kandokando ya hospitali kuna maduka ya dawa, vibanda vya kubadilishia fedha, na vichochoro vilivyojaa nyumba za kupangisha kwa siku au kwa mwezi, kila chumba na jiko lake. Wapangaji ni watu wa Bangladesh, wa Oman, wa Kenya na sisi wa Tanzania, na wote wana sababu moja: mtu aliyetoka kupasuliwa hataki chakula cha hotelini. Anataka uji. Anataka mchuzi mwepesi usio na pilipili na wali uliopikwa na mtu wake. Nilikuwa nimemsindikiza mama yangu kutoka Dar es Salaam kwa matibabu ya moyo, na madaktari wakishamaliza yao, iliyobaki ilikuwa kazi yangu: kumlisha. Ndiyo maana India niliingia kwa mlango wa jikoni, wakati wageni wengi huanzia mahekaluni.

Jiko la chumba chetu lilikuwa dogo lakini lilijitosheleza. Juu ya meza ya granaiti nyeusi palikuwa na jiko la gesi la plati mbili, presha kuka ya lita tatu, mashine ya kusagia ambayo huko kila mtu huiita miksi, vyombo vya chuma cha pua, kibao cha mviringo na kifimbo cha kusukumia chapati. Soketi za ukutani zilikuwa za matundu ya mviringo, nyingi za ampea 6 na moja kubwa ya ampea 16 kwa ajili ya friji. Chumba kile kilipangwa na mtu anayepika, hilo lilionekana tangu siku ya kwanza. Kisu, maji na moto vilikuwa vimefuatana kwa namna ambayo mkono ulivifikia bila kutafuta.

Aliyekipanga alikuwa akikaa ghorofa ya chini. Ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya mama yangu. Mimi nilimwita Amma, kama walivyomwita majirani. Yeye alimwita mama yangu Akka, dada mkubwa, tangu walipoamkiana kwa mara ya kwanza kwa ishara na tabasamu. Kila asubuhi alituma idli mbilimbili kwenye kibakuli chenye mfuniko. Idli ni mikate midogo ya mchele na choroko nyeusi iliyochachushwa na kupikwa kwa mvuke. Haina tone la mafuta, na huko ndiyo chakula cha kwanza anachopewa mgonjwa na mtoto anayeachishwa ziwa. Mama, aliyekuwa anakataa kila kitu, alizila. Nikashuka kuomba nifundishwe.

"Kupika utajifunza kesho," Amma aliniambia. "Leo simama hapa kwanza." Akanisimamisha mbele ya jiko lake la gesi, nikajikuta natazama dirisha la mashariki.

Wahindu wengi wanapojenga hufuata kanuni za Vastu, ambazo huweka jiko upande wa kusini-mashariki, upande wa Agni, mungu wa moto, na humtaka mpishi aelekee mashariki. Jengo la Amma lilijengwa na mkandarasi ambaye hakumuuliza mtu, na jiko likaangukia upande mwingine wa nyumba. Yeye akachukua kona ya kusini-mashariki ya jiko lenyewe akaweka moto hapo, kisha sinki akalipeleka kona ya mbali, kwa kuwa maji na moto havikai pamoja. Mimi ni Mwislamu na sina imani hiyo, lakini nilipika pale vya kutosha kuuona uzuri wake. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati kazi ya nyumba nzima iko mikononi mwa mtu mmoja, jua linamulika ndani ya sufuria bila taa. Matone ya sinki hayaruki kwenye mafuta ya moto. Na kati ya pale pa kuoshea na pale pa kupikia kuna nafasi ya granaiti ya kutosha kukatia, ile ambayo kwenye majiko mengi ya Dar huliwa na kikaushio cha vyombo.

Kilichonishika zaidi kilikuwa kopo la viungo. Watamil, wenyeji wa Chennai, wanaliita anjarai petti. La zamani lilikuwa sanduku la mbao lenye vyumba vitano, la Amma lilikuwa la chuma cha pua, la mviringo, lenye vibakuli saba chini ya mfuniko mmoja. Ndani yake: haradali, uzile, uwatu, manjano, pilipili kavu, choroko nyeusi zilizopasuliwa, na kipande cha mvuje ambacho harufu yake iliishinda mifuniko yote. Kopo hili lilikaa kulia kwa jiko, umbali wa kiganja. Niliona ni pambo mpaka nilipomtazama akikaanga viungo vya kumwagia juu ya mchuzi. Mafuta yalipopata moto alitupa haradali. Ikaanza kupasuka na kuruka. Hapo hapo choroko, zikabadilika rangi, pilipili, chembe ya mvuje, majani ya kari yaliyolipuka kwa sauti, na kikaango kikapinduliwa juu ya sufuria ya mchuzi. Yote yalichukua muda wa kuvuta pumzi chache. Mtu anayefungua kopo moja baada ya jingine, au anayenyoosha mkono kwenye kabati la juu, haradali yake imeshaungua na mchuzi mzima umeingia uchungu. Kopo lenye mfuniko mmoja limezaliwa na sekunde hizo, na pahali pake kando ya moto pamezaliwa hapo hapo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima majiko yote kwa swali hilo: katika chakula kinachopikwa humu kila siku, ni wapi mpishi hana hata sekunde ya kupoteza? Kitu cha saa hiyo ndicho kinachostahili kukaa karibu. Vingine vyote vinaweza kwenda mbali.

Chini ya meza, kwenye kabati lenye matundu usawa wa sakafu, ulikaa mtungi mwekundu wa gesi. Mitungi ya majumbani India ni ya kilo 14.2, inakaribiana na ule wetu wa kilo 15. Matundu yale si ya urembo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, kwa hiyo tundu la juu ya kabati halisaidii kitu. Nimeyaona majiko mapya Mbezi na Kigamboni yenye mtungi uliofungiwa ndani ya kabati zuri lisilo na upenyo hata mmoja, na jambo hilo linanitia hofu ya kweli. Kutoboa matundu chini kunahitaji keke na dakika chache tu.

Nyuma ya jiko palikuwa na kibaraza kidogo chenye bomba la chini, sakafu ya mteremko na kamba ya nguo. Sufuria zenye masizi, samaki wa kuparuliwa, nazi za kuvunjwa, vyote vilikwenda huko. Fleti nyingi za kusini mwa India huwa nacho, na watu wanaponunua nyumba hukiulizia. Wajenzi wetu wanaopanga maghorofa Sinza na Kariakoo wangetusaidia sana kukiiga, maana familia za huku nazo huparua samaki.

Nikamuuliza kuhusu kimo cha meza, kwa sababu ilikuwa chini kuliko zote nilizowahi kupikia. Fundi alitaka kuijenga kwa kipimo chake cha kawaida, sentimita 85. Amma ni mfupi. Alimwambia fundi asubiri, akasimama ukutani akiwa amekunja mkono, mwanawe akapiga mstari wa chaki kwenye kiwiko chake, kisha wakashuka upana wa kiganja na nusu. Hapo ndipo granaiti ilipowekwa. Na sehemu ya kukandia unga aliishusha tena kidogo, kwa kuwa anayekanda hutumia uzito wa mabega.

Presha kuka yake ilikuwa ya lita tano, na ndani yake aliingiza vibati vitatu vilivyopandana: chini mbaazi zilizopasuliwa, katikati mchele na maji yake, juu viazi au karoti bila maji. Moto mmoja, chakula cha watu wanne. Ulipofika wakati wa miluzi aliendelea kuongea nami, akinipa mgongo, akikata bamia, na vidole vya mkono wa kushoto vikifungika kimoja kimoja kadiri mluzi ulivyolia. Ukipita kwenye kichochoro cha Chennai saa tano asubuhi utasikia miluzi hiyo kutoka kila dirisha, na mwenye sikio zoefu anajua jirani anapika nini: michache ni wali, mingi ni dengu nzima.

Kampuni zinazozitengeneza, kama Hawkins na Prestige ambazo zote zilianza kuzitoa India mwaka 1959, hupendelea mpishi ahesabu dakika: mvuke ukishajaa, punguza moto, tazama saa. Wanasema kweli, kwa kuwa mluzi hutegemea ukubwa wa moto. Ila saa haisikiki kutoka kibarazani, na mluzi unasikika. Ndani ya sufuria ile shinikizo hupandisha joto la maji mpaka nyuzi 120 hivi, na hapo punje ngumu husalimu amri. Kabla ya kufunga, Amma aliinua mfuniko mbele ya dirisha akatazama kama tundu la mvuke linapitisha mwanga. Kila mara, hata akiwa na haraka. Dengu na mbaazi hazikuvuka nusu ya sufuria, kwa sababu hutoa povu linaloweza kuziba tundu hilo. Kwa tunaochemsha maharage juu ya mkaa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na mkaa wenyewe kila msimu unapanda bei, sidhani kuna chombo cha jikoni kinachostahili kununuliwa kabla ya hiki. Nalisema kwa uzito wote. Watu wengi kwetu wanakiogopa kwa sababu ya hadithi za milipuko, lakini hofu hiyo inatibiwa na mambo mawili: tundu safi, na mpira wa mfuniko unaobadilishwa kabla haujakakamaa.

Basi tukafika kwenye kusaga.

Kibarazani kwa Amma palikuwa na mawe mawili ya mama yake. Moja bapa, la kusagia viungo kwa kusukuma jiwe jembamba mbele na nyuma. La pili lilikuwa kama kinu kifupi cha mwamba, na mchi wake mnene wa jiwe ulizungushwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukirudisha rojo katikati. Mama yake alikaa mbele ya jiwe hilo jioni baada ya jioni, maana rojo la idli na dosa, chapati nyembamba za rojo hilo hilo, halipumziki kwenye nyumba ya Kitamil. Nusu ya pili ya uhai wake, Amma alisema, hakuweza kuinua bega la kulia kusuka nywele zake.

Hapo kando ya mawe hayo, juu ya stuli, ilikuwa grinda ya umeme. Pipa la chuma cha pua lenye sakafu ya granaiti, na ndani yake mawe mawili yaliyochongwa kama pia, yanayobiringika pipa likizunguka. Mashine hii inasimuliwa kuwa ilianza mwaka 1955 mjini Coimbatore, mikononi mwa fundi aitwaye P. Sabapathy. Ninachokipenda ni uamuzi uliomo ndani yake. Aliyeitengeneza aliliacha jiwe pale pale lilipo na akauondoa mkono peke yake.

Sababu ya kuliacha jiwe niliiona kwa macho. Choroko nyeusi zilizolowekwa pamoja na kijiko cha uwatu ziliingia kwanza, kiganja baada ya kiganja, na maji baridi ya friji yakinyunyizwa kidogo kidogo. Mwanzoni mawe yaligonga. Baada ya dakika kumi sauti ikawa nzito na laini. Ilipokaribia nusu saa, rojo lilikuwa limeumuka na kupanda ukutani mwa pipa, jeupe, limejaa hewa. Amma alidondosha tone kwenye bakuli la maji, likaelea. "Sasa limeiva," akasema, akalitoa, akaingiza mchele, vipimo vinne vya mchele kwa kimoja cha choroko, na huo hakuulainisha sana. Aliuacha na chengachenga unazozihisi kati ya vidole. Kisha chumvi, kisha mkono mtupu ukachanganya vyote, na usiku wa joto wa Chennai ukafanya kazi ya kuchachusha.

Siku nyingine alinisagia choroko zile zile kwenye miksi ili nione tofauti. Mota ya miksi huzungusha visu maelfu ya mara kwa dakika, na visu hivyo huchemka. Rojo likatoka laini lakini la uvuguvugu na zito, tone likazama. Idli zake zilikuwa bapa. Kwa chatne ya nazi, kwa viungo vikavu, kwa tangawizi na kitunguu saumu, miksi haina mpinzani, na nyumba nyingi za jimbo la Tamil Nadu zina mashine zote mbili kwa sababu kila moja ina kazi yake. Miksi nayo ni ya huko huko. Katika miaka ya 1960 mhandisi Satya Prakash Mathur alianza kutengeneza miksi za Sumeet, kwa kuwa mashine ya kigeni ya mkewe Madhuri ilikuwa imeungua mota. Blenda za Ulaya zilitengenezwa kwa matunda na supu. Manjano makavu na mzizi wa tangawizi ni habari nyingine. Ndiyo maana miksi ya India huja na majagi matatu, kubwa la majimaji, la kati la vikavu na dogo la chatne, na chini yake kuna kitufe chekundu kinachokata umeme mota inapoelemewa. Ukisaga dakika chache, ipumzishe. Wenye blenda zilizoungua Kariakoo wanajua ninachosema.

Mashine hizi zilifika hata kwenye siasa. Katika uchaguzi wa jimbo hilo la Tamil Nadu mwaka 2011, chama cha M. Karunanidhi kiliahidi kuwapa wanawake miksi au grinda, mpinzani wake J. Jayalalithaa akaahidi zote mbili, na feni juu yake. Alishinda, na tarehe 15 Septemba mwaka huo ugawaji ukaanza kwa wanawake wenye kadi za mgawo wa chakula. Wachumi wengi waliulaumu mpango huo kuwa ni kununua kura. Nilimuuliza Amma, akajibu kwamba wanaume wamegawiana barabara na mabwawa miaka yote bila mtu kuuliza bega la mama yake linauma kiasi gani. Namuunga mkono.

Mama alipopata nafuu na mdogo wangu kufika kutoka Dar kupokea zamu, nilipanda treni ya asubuhi kwenda Coimbatore, karibu kilomita 500 kusini-magharibi. Upande wa madirisha yetu mashamba ya mpunga na minazi yalibadilika taratibu kuwa tambarare kavu, na mchana milima ya Western Ghats ikajitokeza. Coimbatore ni mji wa pamba, pampu na mota. Umeme wa Pykara, kutoka milima ya Nilgiri, ulifika huku miaka ya 1930 ukaviwasha viwanda vya nguo. Viwanda vikazaa karakana za kusubu chuma. Karakana zikazaa mota za pampu za wakulima. Weka mota pamoja na mwamba mgumu unaochimbwa maeneo ya Uthukuli jirani, na watu wanaokula idli kila asubuhi, na grinda inajileta yenyewe. Jina "grinda ya Coimbatore" sasa linalindwa kisheria kama alama ya kijiografia, daraja moja na chai ya Darjeeling.

Katika kichochoro kimoja niliikuta karakana ya chumba kimoja, mlango wazi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope za mafundi. Kijana alikuwa akilizungusha jiwe lenye umbo la pia kwenye mashine, maji yakilimwagikia. Mzee aliyekaa kwenye gunia ndiye aliyelipokea. Alilipitisha dole gumba kutoka juu hadi chini, polepole, akafumba macho, akaligeuza, akapitisha tena. Lingine alilirudisha bila neno. Mtu aliyekuwa akinitafsiria alieleza kuwa anatafuta vishimo vya chembe: jiwe lenye vishimo hubakiza rojo la jana likachacha vibaya, na jiwe laini kupita kiasi huteleza bila kusaga. Zamani, wakati wa mawe ya mkono, walikuwepo watu waliopita mitaani na nyundo na patasi wakiyachonga upya yaliyolainika.

Kwa anayetaka kununua, nilichokiokota pale ni hiki. Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na grinda ya lita mbili. Lita tatu inashawishi dukani, lakini pipa lake likijaa halinyanyuliki na mtu mmoja, na pipa lisilonyanyulika halioshwi vizuri. Muulize muuzaji mkanda wa mota unapatikana wapi kabla ya kuuliza rangi. Ikifika nyumbani, saga mchele wa kutupa mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe bila kijivu, ndipo upike.

Ndege yetu ya kurudi Dar ilikuwa ya kutoka Mumbai, na huko tulipokewa na rafiki yangu wa Upanga. Tulisoma wote, ni Mgujarati aliyezaliwa Dar, ameolewa Mumbai, na Kiswahili chake hakijapungua hata kidogo. "Shoga, umekuja wakati mwafaka," alisema mlangoni, "jiko langu liko chini." Lilikuwa chini kweli: kuta tupu, mifuko ya saruji, na fundi amejikunyata akila.

Jiko la Mumbai ni suala la nafasi. Lake lilikuwa chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Gesi huko hupita kwenye mabomba mpaka ndani ya fleti, kwa hiyo mtungi hauna shida. Shida ilikuwa duka la makabati. Msanifu wa duka alimchorea jiko la kung'aa lisilo na vishikio, oveni katikati, moto pembeni kabisa ukutani, na kabati refu la mitungi ya glasi. Mchoro ulipendeza. Rafiki yangu aliukataa kwa sababu ya rotli. Nyumba ya Kigujarati husukuma chapati nyembamba kama karatasi kila siku, chakula cha mchana na cha usiku, na mikono hufanya mambo matatu kwa pamoja: wa kulia unasukuma inayofuata, wa kushoto unageuza iliyo motoni, kisha chapati inapelekwa juu ya mwako wazi ivimbe na kupakwa samli. Kibao kinatakiwa kikae kushoto au kulia kwa moto, si mkabala nao, na unga uwe kwenye droo chini ya kibao. Moto uliobanwa kwenye kona unauchoma mkono. "Nimemwambia achore tena," alisema, "na safari hii aje saa sita mchana anione nikipika kwenye jiko la muda." Alikuja. Alisimama mlangoni na daftari lake wakati chapati zikitoka, na mchoro wa pili ulikuwa mwingine kabisa.

Kuhusu makabati alishikilia jambo moja, mbao za tabaka za daraja la baharini, zenye alama ya kiwango IS 710. Mvua za Mumbai za Juni hadi Septemba hupenya kila kitu, na mbao za kawaida chini ya sinki huvimba zikamenyuka. Sisi wa pwani, wa Tanga, Unguja na Mombasa, tunaijua hewa hiyo vizuri. Feni ya kutolea moshi alichukua yenye vichujio vya chuma vilivyokunjwa, vinavyooshwa kwa maji moto na sabuni, na bomba lake likatoka nje moja kwa moja. Zipo zinazochuja moshi na kuurudisha ndani. Kwa nyumba inayokaanga haradali na pilipili, hizo ni fedha iliyotupwa. Jiko la umeme la sumaku alikuwa nalo moja dogo, la kuchemshia maziwa na chai, kwa kuwa sufuria zake za alumini na karai la tako la mviringo haliwezi kuzipasha. Juu ya friji, ndani ya boksi lake, palikuwa na mashine ya kutengeneza chapati aliyopewa harusini. Ukibana unga ndani yake chapati hutoka, ila haivimbi.

Nilichorudi nacho kilikuwa kichache. Chennai, kwenye maduka ya vyombo ya T. Nagar, Amma alinichagulia kopo la viungo na sahani za idli, akasimamia wakati muuzaji akiandika jina la mama yangu kwenye kopo kwa mashine inayodonoa chuma nukta kwa nukta, kama wafanyavyo kwa vyombo vya bibi harusi. Pale pale niliona chuma cha paniyaram, chenye vishimo saba, na mama alipokiona alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe: ni chuma cha vitumbua, kitupu, na rojo linalomiminwa humo ni la mchele uliochachushwa. Hicho hatukukinunua, vya nyumbani vipo. Grinda tuliibeba. Umeme wao ni kama wetu, volti 230, kwa hiyo haikuhitaji transfoma. Fundi alikata plagi ya miguu ya mviringo akafunga ya kwetu ya ampea 13, jambo lililo salama zaidi kuliko adapta ya kuchomeka ambayo hulegea na kupata moto.

Sasa tuko kwenye jiko la mama, Temeke. Meza yake ya zege iko juu mno kwake, na tangu moyo uguswe hapaswi kuinua mikono juu muda mrefu. Tumempima kiwiko. Fundi anakuja Jumamosi kuishusha, kutoboa matundu chini ya kabati la mtungi, na kuvuta bomba mpaka uani kwa ajili ya samaki. Bado tunabishana kuhusu sinki. Mdogo wangu anataka libaki chini ya dirisha, kwa kuwa ndiko lilikokuwa siku zote. Mama anasema dirisha hilo ni lake, anataka akipika aione barabara na wanaopita, na sinki lihamie kona ya giza ambako hakuna anayekaa zaidi ya dakika kumi. Mimi niko upande wa mama.